Hodi ya Kila Robo Saa

Siku ya kwanza, jibu lilikuja kabla ya hodi.

Ilikuwa saa saba na nusu mchana, wakati ambao mtaa wote wa Kiponda hufunga milango ukalala, na hata paka hutafuta kivuli. Mansour alikuwa ameketi mbele ya kompyuta yake, mikono juu ya magoti, hajaanza kazi. Alikwisha swali adhuhuri, akala ndizi mbili, akakaa. Kutoka kwenye spika sauti ya mkewe ikasema, "Karibu."

Neno moja tu, kisha kimya.

Mansour aliinua kichwa. Sauti yenyewe haikumshtua, kwani aliisikia kila siku na ni yeye aliyeiweka mle. Kilichomshtua ni kwamba hakuna aliyebisha hodi.

Mansour alikuwa haoni tangu umri wa miaka tisa. Kazi yake ilikuwa kuandika yaliyorekodiwa. Watu walipanda ngazi wakamletea flashi zenye mikutano ya vyama, mawaidha, mahojiano ya wanafunzi, na yeye akayasikiliza na kuyaandika. Skrini aliiacha imezimwa, maana haikumfaa kitu. Ndani ya kompyuta mlikuwa na programu inayosoma kwa sauti kila kilichomo. Sauti yake ilikuwa ya mwanamume mkavu, anayesoma Kiswahili kama mtu mwenye kokoto mdomoni. Mkewe, Khairat, alimpa jina la Bwana Bati.

"Huyu Bwana Bati wako hanyamazi," Khairat alikuwa akisema. "Kitufe, kitufe, menyu, kitufe. Na flashi ya mtu ikiingia tu, keshaifungua anaisoma. Hajafunzwa kwao kubisha hodi?"

"Basi mfunze wewe."

"Mfunze wewe uliyemleta."

Na Mansour alimfunza. Kwenye mafunzo ya wasioona alikuwa ameonyeshwa namna ya kuandika skripti, yaani orodha ya amri ambayo programu huifuata mstari kwa mstari: ukikuta hiki, sema hivi, ukikuta kile, nyamaza. Kidogo kidogo alimkata Bwana Bati maneno ya bure. Kisha akaandika mistari mitatu kwa ajili ya utani wa mkewe. Flashi ikichomekwa, sema hodi. Ngoja nibonyeze. Nikibonyeza, jibu.

"Ajibu nani?" Khairat aliuliza. "Abishe mwenyewe ajijibu mwenyewe? Nyumba hii ina mwenyewe."

Ndipo Ijumaa moja, chungu kikiwa bado jikoni, Khairat alipokaa mbele ya kipaza sauti na kusoma maneno arubaini na moja. Skripti ilipangwa kwamba mahali fulani Bwana Bati anyamaze, isikike sauti ya Khairat. "Karibu." "Subiri kidogo." "Nimemaliza, alhamdulillahi." Palipokuwa na picha isiyosomeka alisema, "Hapa pana picha, mwite Rawiya," na Rawiya ni binti yao wa pekee. Na kwa wakati Mansour anapobonyeza pasipo pake, alisema, "Umekosea tena, Mansour," akaanza kucheka. Mansour alidhani kicheko kitaharibu kazi, akazima katikati. Basi miaka minne kicheko kile kilikuwa kikianza na kukatika palepale, kama uzi uliopitiwa na mkasi.

Khairat alifariki kwa homa ya siku sita. Bi Mwanapili wa Kikwajuni alikuja kumwosha, jeneza likateremka ngazi, matanga yakakaa siku tatu, hitma ikasomwa, watu wakarudi makwao. Mwenyezi Mungu amrehemu, na aturehemu sisi tuliobaki.

Mansour alirudi kwenye kazi yake kama mtu anayebeba maji kwa ndoo iliyotoboka. Flashi zilikuja chache. Siku nyingine haikuja hata moja, na siku hiyo Khairat hakusema karibu. Ndipo alipofanya alilofanya. Aliifungua skripti, akaufuta mstari wa kungoja abonyeze, ili jibu litoke lenyewe. Kisha akaongeza mstari mmoja: kukiwa kimya kwa robo saa, bisha hodi.

Tangu hapo, kila robo saa Bwana Bati alibisha, na Khairat akajibu karibu. Hodi, karibu. Hodi, karibu. Dirisha lilikuwa wazi kwa ajili ya joto, na chini yake palikuwa na gofu la nyumba iliyoanguka miaka mingi nyuma, lenye kisima kilichofunikwa kwa mabati. Wala hakufikiri lolote. Aliegemea kiti akasikiliza, na pengine akapata usingizi kidogo.

Siku arubaini na kitu zilipita hivyo, mpaka mchana ule jibu lilipokuja peke yake.

Aliikagua skripti. Bwana Bati alimsomea mstari kwa mstari, na hapakuwa na kosa. Karibu isingeweza kutoka bila hodi kutangulia. Mansour akakaa akifikiri, mpaka wazo moja likamjia: kwamba labda hodi ilibishwa, ila yeye hakuisikia.

Jioni hakumwambia Rawiya kitu. Rawiya alikuwa na miaka ishirini na mbili, akiuza katika duka la dawa Darajani, mwepesi wa maneno kama mama yake. Alikuwa akiingia nyumbani akisema tangu mlangoni.

"Baba, leo kaja mtu anataka dawa ya kumfanya mkewe asikorome! Nkamwambia dawa ipo, lala wewe kwanza." Kisha akavuta pumzi. "Umechoma udi?"

"Sikuchoma."

"Mbona unanukia? Udi wa mama." Akavuta pumzi tena. "La, si wake. Una harufu nyingine ndani yake."

Mansour alikuwa ameisikia harufu ile tangu alasiri. Juu ulikuwa udi mzuri wa Khairat, aliokuwa akijifukizia nguo. Chini yake kulikuwa na harufu ya nywele zilizoguswa na moto.

Siku zilizofuata karibu ya peke yake ilikuja mara mbili, mara tatu kwa siku, na daima jua likiwa utosini. Kisha zikaja nyayo. Ngazi yao ilikuwa ya mbao, vidaraja kumi na saba, na Mansour aliwajua watu wake wote kwa jinsi walivyoipanda. Nyayo hizi zilipanda taratibu, miguu mitupu, na nguo ikigusagusa ukuta. Siku ya kwanza zilifika kidaraja cha tano zikasimama. Siku ya pili cha tisa. Hazikushuka. Kila siku zilianzia pale zilipoachia jana.

Angeweza kuufuta ule mstari. Alijua. Lakini aliposhika kibodi aliona jinsi nyumba itakavyokuwa kimya, akaisukuma kando. Alichoka, na mtu aliyechoka hufunga mlango mmoja akaacha mwingine.

Siku nyayo zilipofika kidaraja cha kumi na saba ilikuwa Jumapili, na Rawiya alikuwa nyumbani, amejilaza chumbani kwake. Mansour alisikia sauti ya Khairat ikisema "Rawiya." Neno hilo peke yake. Lilikatwa kutoka katika "mwite Rawiya", na yeye hakuwahi kulikata, na wala halikutoka kwenye spika bali ukumbini, karibu na mtungi, kwa kimo cha mtu aliyesimama.

Na kutoka chumbani Rawiya akaitika, kwa sauti ya usingizi, "Naam, mama."

Mansour aliinuka akagonga meza. Alimkuta binti yake amekaa kitandani.

"Umeniita, baba?"

"Sikukuita."

"Kuna mtu kaniita. N'na hakika."

"Kakuita mara ngapi?"

"Mara moja."

"Bibi yako alikwambia nini, mwanangu? Sauti usiyomwona mwenyewe ikikuita mara moja, usiitike. Ngoja mara ya tatu."

"Nlikuwa usingizini," Rawiya alisema kwa kunong'ona. "Na ilikuwa sauti yake, baba. Ningemwachaje?"

Alinong'ona kwa hofu, au ndivyo Mansour alivyodhani. Lakini Jumatatu alikuwa bado ananong'ona. Jumanne sauti ilikuwa kama ya karatasi inayokunjwa. Daktari akatazama koo, akasema halina kidonda. Alhamisi jioni Rawiya aliingia nyumbani na Mansour hakujua kama ameingia, mpaka binti alipomgusa bega, na baba akaruka.

Hapo ndipo alipofahamu kinachochukuliwa. Mtu mwenye macho angemwona binti yake akiwa bubu, akajua yupo. Mansour hakuwa na uso wa Rawiya. Alikuwa na sauti yake tu, na sasa binti alikuwa akizunguka nyumbani mle kama hayupo, akipiga vidole mezani ili baba ajue alipo, ilhali aliyekwisha zikwa alisema karibu na subiri kidogo, kila siku kwa uzima zaidi.

Akamwita Bi Mwanapili.

Alikuja Ijumaa baada ya sala, mwanamke wa miaka sabini na ushei, akapanda ngazi akikokota pumzi. Kwenye kidaraja cha mwisho akasimama.

"Shikamoo, Bi Mwanapili."

"Marahaba. Nani kapita hapa na miguu mibichi?"

Alikaa, akasikiliza habari yote, na Mansour hakuficha. Wakati wanaongea, robo saa ikatimia. Bwana Bati akasema hodi, na Khairat akajibu karibu. Bi Mwanapili alipiga kofi moja.

"Subhanallah. Mwanangu Mansour, hata paka hakaribishwi kila robo saa. Mwezi mzima na zaidi unakaribisha, dirisha wazi, jua la utosi, gofu lile pale. Ulidhani nani ataitikia?"

"Nlitaka kumsikia tu."

"Najua." Sauti yake ikalainika. "Najua, baba. Lakini nikwambie. Khairat nlimwosha kwa mikono hii. Yuko kwa Mola wake, hapandi ngazi ya mtu. Huyu ni mwingine, kapewa sauti akaivaa. Na sasa keshachoka kuvaa ya maiti, anataka ya mzima."

Rawiya alikuwa karibu yao. Mansour alijua kwa sababu kiti cha ukindu kililia.

Bi Mwanapili alichoma ubani akasoma. Alisoma Ayatul Kursi mara saba, akasoma Yasin, kwa sauti ya chini isiyopanda wala kushuka, na alipokuwa akisoma nyayo ziliondoka ukumbini zikashuka ngazi, moja baada ya moja, na nguo ikigusa ukuta, na kule chini kabisa mabati ya kisima yakalia kama yaliyokanyagwa. Rawiya akakohoa. "Ba," akasema, "ba," na Mansour akaanza kulia. Papo hapo, na kompyuta ikiwa imezimwa na waya wake uko sakafuni, maana Bi Mwanapili aliuchomoa kwa mkono wake kabla ya kuanza, sauti ya Khairat ikatoka mezani, tulivu na yenye ukarimu, ikasema, "Karibu," na kule chini mabati yakalia tena, na kidaraja cha kwanza, na cha pili, na cha tatu, mbio.

"Waona?" Bi Mwanapili alisema. "Mimi namtoa, mwenyeji anamrudisha. Sitaweza, Mansour. Mgeni aliyekaribishwa hatoki mpaka asiwepo wa kumkaribisha. Iondoe hiyo sauti."

"Ntaufuta ule mstari wa hodi. Na hiyo karibu."

"Yote."

"Yapo maneno arubaini na moja, Bi Mwanapili. Mengine hayakaribishi mtu. Lipo linalosema nimemaliza. Lipo linalosema..."

"Yote, nnakwambia. Nlipomwosha mkeo sikuacha kidole nikasema hiki kisafi. Kidole kimoja kikibaki, maiti hajaoshwa. Na wewe usiache neno."

Alimchukua Rawiya chumbani, akafunga mlango, akaendelea kusoma. Mansour akarudisha waya, akawasha kompyuta, akabaki peke yake mezani.

Maneno yalikuwa katika faili moja moja, na skripti ilikuwa imepangwa kwamba akifika juu ya faili lisikike. Basi kila alilolifuta alilisikia kwanza. "Karibu." Una hakika unataka kufuta, Bwana Bati aliuliza. Akabonyeza. "Subiri kidogo." Una hakika. Akabonyeza. Alifuta nakala zilizokuwa kwenye simu, akafuta za kwenye flashi. Nyayo zilikuwa zimesimama nyuma ya kiti chake, na harufu ya nywele zilizoungua ilimjaa kooni hata akawa anameza mate, na kila neno lilipoondoka kitu kile kilivuta pumzi kama aliyebanwa kidole mlangoni, lakini hakikumgusa, na yeye hakugeuka, akaendelea, thelathini, thelathini na tano, thelathini na tisa, arubaini.

La arubaini na moja lilikuwa, "Umekosea tena, Mansour," na kicheko chake, na pale pa kukatika.

Una hakika unataka kufuta, Bwana Bati aliuliza.

Mansour alikaa na kidole juu ya kitufe. Akajiambia kwamba neno hili halimkaribishi mtu, ni la kukanya. Akajiambia kwamba kicheko si neno. Akajiambia kwamba Mungu ni mwenye huruma na anajua udhaifu wa waja wake, na hilo ni kweli, ila mtu hulitumia mahali pasipo pake. Akalihamisha faili lile ndani ya folda ya mawaidha ya zamani, akalipa jina la nambari tupu. Skrini ilikuwa imezimwa kama siku zote. Hata mwenye macho asingeona.

"Nshamaliza," akasema kwa sauti kubwa.

Bi Mwanapili alisoma mara ya mwisho. Nyayo zikashuka, mabati yakalia mara moja, na hazikurudi. Kabla ya magharibi Rawiya alisema, "Baba, nna njaa," kwa sauti nzito kama ya mtu aliyelala siku nyingi, na Bi Mwanapili akapiga kigelegele kidogo cha kizee, mwenyewe akakionea haya.

"Umefuta yote?" alimuuliza Mansour mlangoni.

"Yote, Bi Mwanapili."

"Haya. Mimi nshaosha," akasema, akashuka.

Miezi mitatu nyumba ilikuwa salama. Mafundi walijenga ukuta mbele ya gofu. Rawiya alirudi kuwa yule yule, anasema tangu mlangoni. Flashi zilikuja, Bwana Bati akazifungua bila hodi, na Mansour hakumkanya tena. Aliswali, alifanya kazi, alikula alichowekewa. Lakini uchovu haukumtoka. Usiku au mchana kwake ni mamoja, na katika yote mawili alijua kwamba kwenye folda ya mawaidha kuna nambari tupu.

Ilikuwa Jumapili, saa saba na nusu. Rawiya amelala chumbani kwake. Mansour alikuwa amebonyeza pasipo pake, na Bwana Bati akamwambia kosa, kwa ile sauti yake ya kokoto. Kosa. Kosa. Akaona hawezi. Akasema, mara moja tu, nisikie kisha nifute. Akaifungua folda, akatafuta faili, akapunguza sauti ya spika ili asimwamshe mtoto.

"Umekosea tena, Mansour," Khairat akasema.

Akaanza kucheka, na Mansour akatabasamu, akangoja pale pa kukatika.

Kicheko hakikukatika.

Kilipita mahali pale kama mtu apitavyo mlango uliofunguliwa, kikaendelea, kikashuka kifuani na kupanda tena, kicheko kizima ambacho hakuna kipaza sauti kilichowahi kukisikia. Mansour akabonyeza kuzima na hakikuzimika, akaingia chini ya meza kwa magoti, akapapasa, akaukamata waya, akauchomoa, na Bwana Bati akafa katikati ya neno, lakini kicheko kikabaki, na sasa hakikuwa mezani. Kilikuwa upande wa vyumba, kinatoka, kinakuja ukumbini kwa miguu mitupu.

"Rawiya!" aliita. "Rawiya! Rawiya!"

Mara tatu aliita, kama inavyopasa.

Nyayo zikasimama mbele yake. Zilikuwa nyayo za binti yake, angezijua popote. Vidole vya baridi vilimshika mkono, vikamsihi, vikauvuta juu na kuuweka kwenye koo la binti yake. Chini ya kiganja chake koo lilikuwa likitikisika kwa kile kicheko, kikitoka, hakiishi, na machozi ya Rawiya yakamdondokea kwenye kifundo cha mkono, moja, na jingine.